Hajaja Kikaoni Tena: Namna ya Kutafuta Sababu Kabla ya Kumtia Mtu Ila

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni. Wanachama wetu karibu wote ni wanawake: wakulima wa mwani, wauza samaki wa kukaanga, mafundi cherehani na wachache waliostaafu ualimu. Watu huiona kazi ya katibu ni kuandika hisa na kugonga mihuri kwenye vitabu. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua kwa nini mtu kafanya alivyofanya. Huyu haji, kwa nini? Yule kaacha kulipa, kwa nini? Kikao kizima kimeitikia jambo ambalo wengi wao hawalitaki, imekuwaje? Katibu akikosea sababu hukosea na dawa: humtoza faini aliyehitaji kubadilishiwa siku, na humbembeleza aliyestahili faini.

Nayaandika haya kwa makatibu wapya, ila hata sheha, mwalimu wa skuli au mama mwenye vijana nyumbani atapata cha kuchukua. Njia ninayoifuata ni kutazama kwanza pahala aliposimama mtu, halafu kusikiliza anachojiambia moyoni. Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1933, aliandika mwaka 1936 kwamba tabia hutokana na mtu na mazingira yake kwa pamoja. Ukishika upande mmoja tu, hesabu haitoki.

Anza na daftari la mahudhurio

Kikao chetu kilikuwa kila Alkhamisi saa nne asubuhi. Walikuwapo wanachama waliokosa mara kwa mara, na kila walipokosa maneno yalikuwa yale yale: hawa hawana mapenzi na kikundi, wanautaka mkopo tu. Nikalichukua daftari la mahudhurio, nikaliweka ubavuni mwa kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, nikaanza kulinganisha kwa kidole, mstari kwa mstari. Siku walizokosa zilikuwa zimejikusanya pahala pawili: mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu.

Aliyelelewa pwani keshajua. Hizo ni siku za bamvua. Kwetu, bamvua maji hutoka mbali asubuhi, na kufikia saa nne mashamba ya mwani yako wazi. Mkulima ana saa chache tu za kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna kilichokomaa na kukaza vijiti vilivyolegezwa na mawimbi. Asiyewahi husubiri bamvua jingine, yapata wiki mbili, na mwani wake unang'oka na kuondoka na maji. Waliokuwa wakihudhuria bila kukosa walikuwa fundi cherehani na waalimu wastaafu, watu ambao bahari haiwapangii saa. Sifa ya uaminifu walipewa wao, na wenye kamba baharini wakapewa lawama.

Kosa hili si letu peke yetu. Lee Ross, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilieleza mwaka 1977: tunapomwona mtu akitenda jambo, tunakimbilia kutaja tabia yake na kuyapuuza mambo yaliyomzunguka. Tukichelewa wenyewe tunataja mvua, gari, mtoto aliyeamka na homa. Akichelewa mwenzetu, tunataja uvivu. Mtu tunamwona amesimama mbele yetu au kiti chake kiko kitupu, kilichomshika hatukioni.

Ili usitegemee hisia zako, tumia maswali matatu. Yametokana na kazi ya Harold Kelley ya mwaka 1967, nami nayauliza kwa lugha ya kikundi. La kwanza: wengine wa hali yake nao wanafanya vivyo hivyo? Wakulima wa mwani wote wakikosa siku moja, acha kutafuta tabia ya mmoja wao. La pili: anafanya hivi kwetu tu, au na kwengine? Anayechelewa kikaoni, skuli kuchukua ripoti ya mtoto, na hata kwenye maziko, ana lake mwenyewe. Anayechelewa kwetu tu ana jambo na sisi. La tatu: ni kila mara, au ni baadhi ya siku? Hili la tatu ndilo lenye manufaa zaidi, na bila daftari lililoandikwa vizuri huliwezi, kwa sababu kichwa hukumbuka zile siku zilizokuudhi tu. Kwa hiyo andika tarehe zote mbili, ya kalenda na ya mwezi, na pembeni andika udhuru kwa maneno ya mwenyewe. "Hakuja" peke yake haikusaidii kitu.

Jihadhari na haraka

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha dini ya Kikristo huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitakiwa aende jengo jengine kutoa maneno mafupi. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua. Walioambiwa wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wawahi kidogo, asilimia 45. Walioambiwa wamekwisha chelewa, asilimia 10 tu. Nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanakwenda kuzungumzia khabari ya Msamaria, yule wa Injili aliyemhudumia majeruhi njiani, na bado haraka ndiyo iliyoamua zaidi.

Kikundini haraka huingia dakika za mwisho, adhana ya adhuhuri ikikaribia. Hapo mtu hupitisha mkopo asiouelewa na hutia saini asipopasoma. Basi maombi ya mikopo yaweke mwanzo, hisa zifuate. Hili halina gharama, na sioni sababu ya kikundi chochote kufanya kinyume chake.

Kikao kinapoitikia kwa sauti moja

Nilipopata jibu la bamvua nilipendekeza kikao kihamie siku za maji mafu, wakati bahari haitoki mbali. Mama mmoja mkubwa, anayeheshimiwa na sote, alisema kwa upole kwamba Alkhamisi ni siku yenye baraka na tumeizoea. Mwenyekiti akauliza, "Mnasemaje?" Wote wakaitikia, "Sawa, ibaki Alkhamisi." Wakulima wa mwani nao waliitikia, na sauti zao nilizisikia.

Usidhani walikuwa waongo. Solomon Asch alilijaribu jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1951. Aliwaonyesha vijana wa chuo mistari kwenye kadi na kuwauliza upi unalingana na ule wa mfano. Lilikuwa swali la wazi kabisa. Akijibu peke yake, mtu karibu hakosei. Kisha kijana mmoja akakalishwa na kundi lililopangwa litoe jibu la uongo kwa sauti moja kabla yake. Karibu theluthi ya majibu yakafuata uongo wa kundi, na katika kila vijana wanne, watatu walifuata angalau mara moja. Ikiwa kufuata kunatokea kwa wageni wasiojuana, juu ya urefu wa mstari, basi fikiria mtu mbele ya mama aliyemkanda mgongo siku ya uzazi wake.

Asch alipomweka ndani ya kundi mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kulishuka sana. Na aliporuhusu jibu liandikwe pembeni badala ya kutajwa, kulishuka pia. Katibu anaweza kuyatumia yote mawili.

Sisi tunapiga kura kwa punje. Unahitaji kopo la maziwa ya unga lenye tundu la kuingia mkono juu yake, mahindi makavu na kunde. Kila mwanachama anapewa punje moja ya hindi na kunde moja. Hindi ni ndiyo, kunde ni hapana. Kopo linapita, unaingiza ngumi iliyofungwa, unaachia moja ndani, unatoa ngumi imefungwa vile vile, na ile iliyobaki unaifunga kwenye pindo la kanga. Asiwepo wa kuchungulia. Kopo humwagwa kwenye sinia katikati ya mkeka, na watu wawili wasio viongozi huhesabu kwa sauti. Swali la Alkhamisi tulilirudia kwa punje kikao kilichofuata, tukauliza: ibaki? Kunde zilijaa kiganja. Mahindi hayakufika matano. Mama mkubwa mwenyewe alicheka akasema, "Kumbe mnaona haya kunambia!"

Kabla ya hapo nilifanya jambo ambalo nakusihi usiliruke. Nilimwendea nyumbani alasiri, nikamwamkia, tukazungumza ya nyumbani kwanza, halafu nikamwambia: "Bi Mkubwa, neno lako lina uzito. Nakuomba siku hiyo liwe la mwisho, ili na watoto waseme yao." Akakubali bila tatizo. Ukimvizia mtu mzima mbele za watu kwa kopo lako la kunde, umemvunjia heshima, na kura hata ikiwa sahihi itakuwa na donda. Utaratibu wa mtu mkubwa kusema mwisho ni mzuri hata pasipo kura.

Mgeni mwenye makaratasi

Hatari nyengine ni mtu wa nje anayekuja na mamlaka. Vikundi vina fedha, na wenye maneno mazuri wanalijua hilo. Stanley Milgram, wa Chuo Kikuu cha Yale, alionyesha mwaka 1963 jinsi watu wa kawaida wanavyotii. Mtu aliyevaa koti la maabara aliwaamuru waendelee kumpiga mwenzao shoti za umeme, na katika watu 40, 26 walifika mwisho kabisa, volti 450. Shoti hazikuwa za kweli, ila wao hawakujua. Katika jaribio la baadaye, pale wenzao wawili walipokataa mbele ya macho yao, walioendelea hadi mwisho walikuwa 4 tu katika 40. Na mwamrishaji alipotoka chumbani akaamuru kwa simu, utii ulipungua sana pia.

Kutokana na hayo, kubalianeni mapema nani atasema "ngoja kwanza" akija mgeni wa kutaka fedha, na nani atamuunga mkono. Wawe wawili, kwa majina, na iwe kazi yao rasmi, ili kukataa kusionekane ukorofi. Tena mgeni atoke nje ya chumba, akae kwa jirani anywe chai, nyinyi mzungumze. Alikuja kwetu mmoja aliyetaka tumpe akiba yote aizalishe mjini. Alipotoka tu nje, watu wakaanza kuuliza maswali waliyokuwa wameyameza kwa muda wote.

Sanduku la kufuli tatu lina hekima hiyo hiyo. Funguo ziko kwa watu watatu wanaokaa nyumba mbali mbali, na sanduku liko kwa mtu wa nne. Hakuna anayelazimika kupambana na nafsi yake usiku wa manane mtoto akiwa mgonjwa na fedha ziko uvunguni. Wapo wanaoona kufuli tatu ni kutoaminiana. Mimi naona ni kumwonea huruma mtunza sanduku.

Kisha sikiliza anachojiambia

Pahala hapaelezi kila kitu. Wanachama wawili walishindwa kulipa mkopo mwezi mmoja, sababu moja: bei ya mwani ilikuwa imeanguka. Mmoja alikuja kikaoni, akasema hana, akaomba muda. Wa pili alitoweka, na akiniona njiani alikata kichochoro. Hali ilikuwa moja, mienendo miwili.

Nilimwendea. Alikuwa kibarazani anasuka ukili, na hakunyanyua macho.

"Shikamoo, Bi Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Hatujambo."

Nikakaa mkekani, nikashika ncha ya ukili nikaendelea upande wangu. Fedha sikuzitaja. Baada ya muda nikamuuliza: "Alkhamisi ile ulipofikiria kuja, kitu gani kilikupitia moyoni?"

Alinyamaza, kisha akasema: "Nilijua nikitokeza mlangoni tu, wote watanigeukia. Watasema huyo, kala fedha zetu, leo kaja kukaa."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyenambia. Lakini si mnasoma majina?"

Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyekuwa akitibu watu wenye sonona miaka ya 1960, aliona kwamba kati ya tukio na mwenendo wa mtu huwa kuna wazo linalopita upesi, na mwenyewe huliamini bila kulihoji. Deni halikumficha mwenzetu. Kilichomficha ni wazo la macho yaliyomgeukia. Na wazo hili huwa limekuzwa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Cornell, waliandika jinsi walivyowavisha wanafunzi fulana ya kuwaaibisha na kuwaingiza kwenye chumba cha watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliomo wameigundua. Walioigundua walikuwa kama robo.

Swali langu uliige neno kwa neno. "Kwa nini hukuja?" ni swali la polisi, na jibu lake ni udhuru. "Kitu gani kilikupitia moyoni?" humrudisha mtu kwenye dakika ile mwenyewe. Akishasema, usimkatize kwa "usifikiri hivyo". Muulize nani alimwambia, amewahi kuliona likimtokea nani, na ingekuwa ni yeye kakaa mkekani, mwenzake mwenye deni akaingia, angemfikiriaje. Swali hili la mwisho ndilo lililomfanya acheke kidogo, kwa kuwa alikumbuka mwenzake yule aliyeomba muda, na hakuwahi kumfikiria vibaya.

Ila alinishika kwenye moja, na ndiyo maana nasema mambo haya mawili, pahala na wazo, hayatengani. Majina tulikuwa tunayasoma kweli. Wazo lake lilikuwa limekuzwa, lakini mbegu yake tuliipanda sisi. Sasa kikaoni inasomwa jumla ya madeni yaliyochelewa, bila majina. Mwenye deni anaitwa pembeni na katibu na mshika fedha, na hesabu yake inaandikwa kwenye kitabu chake. Daftari lenye majina liko wazi kwa mwanachama yeyote atakayelitaka, kwa sababu fedha ni za wote na haki ya kujua ni ya wote. Kuna vikundi vinavyoshikilia kwamba aibu ndiyo inayolipa madeni. Mimi nimeona aibu ikimfukuza mtu pamoja na deni lake.

Kumpangia mtu njia ya kulipa

Mawaidha hayasaidii hapa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Lewin na wenzake waliwataka mama wa nyumbani wa Marekani wapike nyama za ndani, moyo na figo, kwa kuwa nyama nyengine ilikuwa adimu. Waliohutubiwa tu, asilimia 3 walipika. Waliokaa wakazungumza na kuamua kwa pamoja, asilimia 32 walipika. Kwa hiyo hotuba yako ndefu juu ya umuhimu wa kurejesha mkopo ipunguze. Wakalishe watu watano watano wajadiliane watalipaje.

Halafu kila mmoja atamke mpango wenye "ikiwa" ndani yake. Peter Gollwitzer, mtaalamu wa Kijerumani, aliandika mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye saa na pahala hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitalipa inshallah" ni nia tupu. Yule mwenzetu alisema hivi, nami nikaandika: "Mnunuzi wa mwani akishanipimia na kunilipa, kabla sijapita dukani, nitampelekea mshika fedha elfu kumi." Zingatia "kabla sijapita dukani". Aliliongeza mwenyewe, kwa sababu anajua fedha zake hupotelea wapi. Mimi nisingelijua.

Pahali pa kusimama imara

Mtu akizoea kutazama mazingira, huanza kumsamehe kila mtu kwa kila kitu. Usifike huko. Katika wale 40 wa Milgram, 14 walikataa, na walikaa kwenye kiti kile kile. Jihadhari pia na visa vinavyosimuliwa kama vile mazingira ni kila kitu. Lile jaribio maarufu la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo vijana walipangiwa wawe walinzi na wafungwa wa kuigiza, hutajwa sana, lakini baadaye ilibainika kwamba walinzi walihimizwa wawe wakali, kwa hivyo mimi silitumii kumfundishia mtu.

Aliyeandika hisa asizoweka, au aliyekopa kwa jina la mwenzake bila mwenyewe kujua, usimtafutie bamvua. Yapitie maswali yale matatu kama kawaida, umsikilize, kisha kanuni ifuatwe: fedha irudi, faini ilipwe, na ufunguo wa sanduku aushike mwengine. Uamuzi huo upigiwe kura ya punje na si ya midomo, kwa maana jamaa zake wamo humo humo chumbani. Ukimalizika, katibu amwendee nyumbani wiki hiyo hiyo amweleze mwenyewe kilichoamuliwa na kiasi anachodaiwa, asiachiwe ayasikie kisimani.